Mwenyekiti Hayupo Nyumbani

Kanisa letu pale Kilembe, magharibi mwa Uganda, liliniomba niandike wasifu wa baba, ukurasa mmoja, usomwe siku watakapowaheshimu wazee wa bonde. Aliyenipigia simu alinirahisishia kazi: "Wewe andika tu. Mwanajeshi mstaafu, mtumishi wa watu, baba wa familia." Nikaandika. Haukunitoa jasho, na kila neno lilikuwa kweli. Kisha mama akausoma, akavua miwani, akaniuliza, "Huyu baba wa familia alikuwa anarudi saa ngapi?"

Ukurasa ule niliupeleka ulivyo, maana sherehe ni sherehe. Hapa naandika yaliyobaki nje. Watu wanaotunga sifa za wazee kama baba hupenda kuuweka utumishi na familia kwenye mstari mmoja, kana kwamba mtu amepewa siku mbili ndani ya siku moja. Kwetu viwili hivyo vilikula sahani moja, na kila kimoja kilikuwa na njaa.

Baba alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya sitini katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Anayeijua Kasese anazijua nyumba hizo, zimepangwa safu kwa safu kwenye miteremko ya bonde la mto Nyamwamba. Mgodi ulianza kutoa shaba 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese kutoka Kampala, na mawe yaliyosagwa huku yalisafiri kwa gari moshi hadi Jinja kwenda kuyeyushwa. Babu aliteremka kutoka kijiji cha Wakonzo huko juu mlimani akaingia shimoni, akakuta watu wa Kigezi, wa West Nile, wa Rwanda, wa Kongo. Hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili. Ndiyo maana sisi wajukuu wa mgodi tunakisema bila kujifikiria. Nikiwa Kampala huwa naona watu wanavyoshtuka nikikitumia, kwa sababu kwa Waganda wengi wa rika la mama yangu Kiswahili kilikuja na bunduki, kwenye vizuizi vya barabarani. Kwetu kilikuwa lugha ya kuazimana chumvi na ya kumuuliza jirani zamu yake inaisha saa ngapi. Bunduki ilikuja baadaye, na tuliiona tayari inaongea lugha yetu.

Baba alikua akiamini kwamba atamfuata babu shimoni. Haikuwa. Katika miaka ya sabini mgodi uliingia mikononi mwa serikali, vipuri vikaadimika, na mwanzoni mwa miaka ya themanini uchimbaji ukasimama. Nyumba zilibaki, mshahara ukaondoka. Waliokuja kutoka mbali wengine walirudi kwao, wengine hawakuwa tena na kwao, wakalima mihogo kando ya majengo ya mashine. Kwa hiyo NRA, jeshi la waasi wa Museveni, lilipofungua uwanja wa pili wa vita upande wa Rwenzori mwaka 1985, lilikuta bonde limejaa vijana wenye nguvu ambao hakuna aliyewahitaji. Baba akajiunga. Nilipokuwa mdogo nilidhani alikwenda kupigania nchi. Nilipomuuliza nikiwa mtu mzima alisema, "Nilikwenda kwa sababu rafiki zangu walikwenda. Nchi niliikuta njiani."

Vita vyenyewe hasimulii. Kampala ilipotekwa tarehe 26 Januari 1986 alikuwa miongoni mwa walioingia, na kitu anachokumbuka mbele ya wajukuu ni viatu: alikuwa amevaa gamboti za mtu mwingine, moja kubwa kuliko nyenzake. Baada ya hapo alipelekwa mashariki, kisha kaskazini, na huko ndiko anakonyamaza kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini serikali ilianza kulipunguza jeshi, na kati ya 1992 na 1995 zaidi ya askari 30,000 wakaagwa. Baba alirudi na kiinua mgongo kilichoisha haraka, mabati ya kuezekea, na tabia ambazo hazikuisha. Aliamka kabla ya jogoo. Blanketi alilikunja mraba. Jioni alitupanga mlangoni, mkubwa hadi mdogo, akasema, "Hesabu!" nasi tukahesabu, moja, mbili, tatu, nne, tano. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye siku zote alikuwa namba tano, mpaka leo hapendi kupanga foleni ya kitu chochote.

Kwa nini mtu aliyetoka vitani hakupumzika? Jibu la mama ni kwamba hakujua kukaa. Langu ni kwamba alirudi wakati kijiji kilikuwa kimepewa serikali yake kikahitaji watu wa kuiendesha. Zile kamati za kijiji za watu tisa, RC, zilizoanzia msituni Luwero wakati wa vita zilitambuliwa kisheria 1987, na mwaka uliofuata zikapewa mamlaka ya kusikiliza kesi ndogondogo. Ghafla madeni, mipaka ya mashamba, mbuzi aliyekula mihogo ya watu, yote yakawa yanaamuliwa chini ya mwembe badala ya kwenda mjini kwa hakimu. Askari aliyeachishwa kazi alikuwa mtu wa kuchukuliwa mara moja, hasa kwa nafasi ya usalama. Baba alianzia hapo. Baadaye, chini ya katiba ya 1995, RC ikawa LC, jina likabadilika, mwembe ukabaki ule ule.

Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF waliingia kutoka Kongo wakaushambulia mpaka wa Mpondwe, na miaka kadhaa iliyofuata milima yetu ikawa ya kuogopwa. Baba alipanga doria za usiku. Wanaume wa laini zetu, zile safu za nyumba, walizunguka na marungu na tochi, yeye mbele. Kila mtu aliyesema kanisani siku ya sherehe aliikumbuka doria hiyo, na mzee mmoja alisema alilala usingizi miaka ile kwa sababu ya baba. Mama alikuwa ameketi kando yangu. Yeye miaka ile alilala na panga chini ya mto na watoto wakiwa wamebanana kitanda kimoja, kwa sababu mlinzi wa mtaa hakuwa ndani. Nilimwuliza kama aliwahi kumwambia. Akasema alimwambia mara moja, baba akamjibu kwamba nyumba yetu imo ndani ya mtaa, kwa hiyo inalindwa. Hesabu hiyo ni sahihi na bado ina kasoro, nami sijaweza kuionyesha iliko.

Mwaka 2001 alichaguliwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya unayemtaka, na mstari wake ulizunguka kiwanja. Alituambia ni miaka michache tu. Hakudanganya, ni nchi iliyomzidi. Nchi iliingia katika vyama vingi 2005, Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kamati zilizochaguliwa chini ya mfumo wa zamani hazikidhi katiba mpya, uchaguzi ukapangwa ukaahirishwa, fedha zikakosekana, zikakosekana tena. Uchaguzi uliofuata wa LC1 ulifanyika tarehe 10 Julai 2018. Hesabu mwenyewe: miaka kumi na saba. Kote Uganda kulikuwa na wenyeviti waliozeeka kazini, wengine wakafa na muhuri kabatini, na watu wakaendelea kuwahitaji kwa sababu barua haiwezi kungoja mahakama.

Barua ndiyo kazi. Asiyewahi kuishi na mwenyekiti wa LC1 hawezi kujua ni barua ngapi zinahitajika ili mtu awe mtu. Unataka kitambulisho cha taifa, barua. Pasipoti, barua. Kufungua akaunti, kumdhamini kijana aliyekamatwa, kuuza kiwanja, kuomba nafasi ya mtoto shuleni, kusafirisha maiti kwenda kuzika, barua. Na barua bila muhuri ni karatasi tu. Muhuri wa baba ulikaa ndani ya bati la biskuti chumbani kwao, pamoja na kidau cha wino wa zambarau ambao ulimpaka mama kwenye shuka zaidi ya mara moja.

Wenyeviti wengi walitoza. Shilingi elfu mbili hapa, elfu tano pale, na ardhi ikiuzwa, sehemu ya mwenyekiti inajulikana kabla hata ya bei. Sitamhukumu yeyote, kwa sababu serikali yenyewe ilipokuja kuwakumbuka iliwapa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima. Baba hakutoza. Alisema karatasi ni ya mtu na jina ni la mtu, yeye anashuhudia tu kwamba anamfahamu. Ni maneno mazuri. Karatasi na kalamu vilinunuliwa kwa hela ya sombe, majani ya muhogo, aliyoiuza mama sokoni. Siku moja mama alianza kuandika kwenye daftari gharama ya kila ukurasa, na mwisho wa mwaka akamwekea baba daftari lile mezani badala ya chakula. Baba alilisoma lote. Kesho yake akaanza kuwaambia watu waje na karatasi zao. Huo ndio ushindi pekee mama alioupata katika miaka kumi na saba, na bado anauzungumzia.

Hodi ilianza alfajiri na haikuwa na mwisho. Mama alitufundisha sisi watoto sentensi moja ya kusema mlangoni wakati baba anakula: "Mwenyekiti hayupo nyumbani." Tuliisema kwa heshima, mikono nyuma. Shida ni kwamba baba, ambaye aliweza kunyamaza kuhusu vita kwa miaka thelathini, hakuweza kunyamaza nyuma ya pazia. Alikohoa. Kila mara. Mgeni alitabasamu, tukampisha, na bundu, ugali wetu wa muhogo, likapoa.

Kesi alizisikiliza vizuri sana, na hapa nitamsifu bila kusita. Hakuna aliyezungumza kabla ya kuketi. Aliyekuja amelewa alirudishwa nyumbani aje asubuhi, hata kama ndiye mlalamikaji. Walalamishi aliwaacha waseme mpaka wachoke, kisha akauliza swali moja dogo, mara nyingi la tarehe: hilo lilikuwa kabla ya mavuno au baada? Uongo mwingi wa kijijini huanguka kwenye swali la mavuno. Wanaume waliopiga wake zao hakuwapatanisha kwa haraka kama walivyofanya wengine. Alimwita kwanza mke pamoja na mwanakamati wa wanawake, akasikiliza, na jambo likiwa zito alilipeleka polisi, akatembea nalo mwenyewe kwa miguu mpaka kituoni, kwa sababu alijua kesi isiyosindikizwa hupotea njiani. Kuna wanawake wa mtaa wetu ambao ni mama zangu wadogo kwa sababu ya hilo tu.

Sasa weka kando ya hayo jambo hili. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza 1997, shule yetu ilifurika, watoto wakakaa sakafuni, na baba akawa katika kamati ya shule akipigania madawati na vyoo. Alijua idadi ya madawati katika kila chumba. Siku moja mwalimu mkuu alimwuliza mbele yangu, kwa kumtania, mimi niko darasa gani. Baba akanitazama. Alisema la nne. Nilikuwa la sita.

Nikimkumbusha leo hucheka, mimi pia hucheka, na mume wangu, ambaye ni mgeni katika habari hizi, peke yake hacheki.

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilishuka. Mvua ilinyesha milimani na mto ukaja na mawe makubwa kama vyumba, ukavunja madaraja, ukaingia katika nyumba za wafanyakazi na hospitali ya Kilembe, ukaua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Nyumba yetu iko juu kidogo, ilipona. Baba hakuonekana mpaka giza. Alikuwa akiandika orodha: jina la mwenye nyumba, idadi ya watoto, nani yupo, nani hajaonekana. Waliokuja na msaada siku zilizofuata waliitumia orodha ile, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwepo ya upande wetu, imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye daftari la mtoto. Aliwapanga watu kiwanjani kama alivyotupanga sisi mlangoni. "Hesabu!" Watu wazima walihesabu.

Kisha akapanda juu ya jiko letu na nyundo. Mabati yale aliyoagwa nayo jeshini yalikuwa yameezeka jiko, kwa kuwa hayakutosha nyumba. Aliyang'oa karibu yote, akayapeleka kwa familia mbili zilizokuwa zimekaa kwenye mvua na watoto wachanga. Alimwambia mama ni kwa wiki moja. Mama alipika chini ya turubai mpaka msimu wa mvua uliofuata. Mabati hayakurudi, na kwa kweli yangerudije, walikuwa wameshayapigilia misumari. Nilikuwa nimeanza kufundisha, mshahara wangu wa kwanza wa maana ulinunua mabati mapya. Nilipoyaleta baba aliyahesabu, akauliza kama hayo mawili ya ziada yana kazi. Mama alimtazama tu. Akaacha.

Kuna mwaka ambao sitaueleza sana. Novemba 2016 kulikuwa na mapigano Kasese, kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo, watu wengi wakauawa na wengi wakakamatwa. Baba alikuwa askari wa zamani wa jeshi lile na Mkonzo wa milima ile, yote mawili katika mwili mmoja. Kina mama walikuja kutaka barua za kuwatambulisha ili wawatafute watoto wao. Aliandika usiku kucha, mama akamshikia taa, na ni usiku ninaojua kwamba mama hakulalamika. Mmoja wa rafiki zake wa jeshini alimwuliza baadaye kwa nini anawaandikia watu wale. Akajibu kwamba anawafahamu, na barua inasema hivyo tu.

Julai 2018 hakugombea tena. Watu walimsihi, akasema magoti. Walijitokeza wawili, mwalimu mstaafu na kijana mwenye bodaboda mbili, na mistari ikapangwa kwenye kiwanja kile kile. Baba alisimama nyuma ya mwalimu. Mama, bila kumwambia mtu, akaenda kusimama nyuma ya kijana wa bodaboda. Kupiga kura kwa mstari hakuna siri, kwa hiyo mtaa mzima uliwaona wazazi wangu wanatazamana kutoka mistari miwili, mama akiwa ameshika mwavuli. Kijana alishinda. Mama anasema alimchagua kwa sababu ana simu na anapokea.

Lakini jambo kubwa la mwezi ule lilikuwa limepita siku chache kabla, na baba hakulitilia maanani. Wanawake wa mtaa walichagua baraza lao, wakamchagua mama awe mwenyekiti. Kwa sheria, mwenyekiti wa baraza la wanawake la kijiji anaingia moja kwa moja katika kamati ya LC1 kama katibu wa mambo ya wanawake. Kwa hiyo wiki ile ile baba alipokabidhi bati la biskuti, mama aliingia kwenye kamati. Hodi haikukoma. Ilibadilisha tu jina.

Mafuriko yaliporudi Mei 2020, katikati ya karantini ya korona, safari hii yakaimaliza hospitali, mama ndiye aliyeandika orodha. Aliandika kwa kalamu ya wino na aliweka safu ya wajawazito, ambayo baba hakuwahi kuifikiria. Baba alibaki nyumbani na wajukuu wawili na sufuria. Amejifunza kupika sombe. Anaweka chumvi mapema mno na hakubali kuambiwa. Saa mbili usiku huanza kutembea kutoka kitini hadi dirishani, akituuliza kwa simu, mmoja mmoja, kama tumesikia mama yuko wapi, na namba tano humjibu kwamba wapange mstari wahesabu.

Muda wa kamati za vijiji uliisha 2023. Ukaongezwa siku 180, kisha ukaongezwa tena. Baba alipoisikia habari hiyo redioni alimwuliza mama malalamiko ya mume yanapelekwa kwa nani. Mama alikuwa anafunga kitambaa kichwani, yuko njiani kwenda kwenye kikao. Akamwambia kamati inakaa Jumamosi, aje na kitambulisho, na karatasi aje nayo mwenyewe.